Motokaa ya Mbio na Petroli Yake

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza siku moja swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa maneno mawili. Mjomba wake alikuwa amenunua motokaa ya mbio, nayo kila ilipofika kituoni ilitiwa petroli ya bei ya juu. "Mwalimu," akasema, "je, petroli hiyo ina nguvu kuliko ile ya kawaida?" Nikamjibu kwamba haina. Hakuridhika, na nilipojaribu kumweleza sababu niliona ya kuwa jibu langu lisingeeleweka ila kwa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, mpaka katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, nchini Marekani.

Kwanza hatuna budi kufahamu kazi ifanyikayo ndani ya injini. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa huingia katika silinda, na pistoni hupanda na kuushindilia. Kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko ule huwaka, na moto wake huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Mwendo huo ndio unaoyazungusha magurudumu. Kadiri mchanganyiko unavyoshindiliwa zaidi kabla ya kuwashwa, ndivyo petroli ile ile kidogo inavyofanya kazi kubwa zaidi. Basi mhandisi atakaye motokaa yenye mbio hutamani kushindilia sana. Lakini upo mpaka. Hewa ikishindiliwa hupata moto, kama ajuavyo kila aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli kisha akaigusa pampu. Injini ikipita kiasi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na dereva husikia mlio kama wa nyundo ndogo zinazogonga chuma. Nguvu hupotea, joto huzidi, na injini ikiachwa igonge hivyo kwa muda mrefu pistoni zaweza kutoboka.

Mlio huo ndio uliomsumbua Charles Kettering. Bwana huyu ndiye aliyebuni mitambo ya umeme ya kuwashia injini iliyotiwa katika motokaa za Cadillac za mwaka wa 1912, ikawaondolea watu taabu ya kuzungusha mkono wa chuma. Watu walipoanza kulalamika juu ya kugonga, wengi waliitupia lawama mitambo yake. Mwaka wa 1916 akamkabidhi kazi ya kutafuta kiini cha tatizo kijana mmoja, Thomas Midgley, ambaye alikuwa amesomea uhandisi wala si kemia.

Wawili hao walianza kwa wazo la ajabu. Walijua ua moja la porini, lenye majani mekundu kwa chini, ambalo huchanua mapema wakati theluji ingali juu ya ardhi. Wakakisia kwamba wekundu huvuta joto, na kwamba mafuta yakitiwa rangi nyekundu yangepata joto mapema na kuwaka vizuri. Midgley akaenda ghalani kutafuta rangi, asipate ila iodini. Akaitia katika mafuta, na kugonga kukakoma! Ndipo alipotafuta rangi nyekundu za kweli akazijaribu moja baada ya moja, na injini ikagonga vile vile kama zamani. Kumbe wekundu haukuwa na kazi yoyote, bali iodini yenyewe. Nakipenda kisa hiki, maana katika vitabu vya shule sayansi husimuliwa mara nyingi kana kwamba wenye hekima walijua waendako tangu mwanzo. Hawa walikuwa wamekosea kabisa, na kosa lao likawafikisha mlangoni.

Iodini ilikuwa ghali, tena ilikula chuma. Wakajaribu vitu vingine vingi kwa miaka kadhaa, vikiwamo vile vilivyonuka kama kitunguu saumu kilichooza, harufu isiyotoka nguoni wala mwilini hata kwa kuoga. Hatimaye, tarehe 9 Desemba 1921, Midgley akatia katika injini ya majaribio matone machache ya kiowevu kilichotengenezwa kwa risasi, yaani ile madini nzito ambayo watu huyeyusha kufanyia risasi za bunduki. Injini ikanyamaza kabisa. Kijiko kidogo tu kilitosha galoni nzima ya petroli.

Si kwamba hapakuwa na njia nyingine. Ilijulikana wakati huo huo kwamba alkoholi, ambayo yaweza kufanywa kwa mahindi au miwa, nayo huzuia kugonga. Lakini alkoholi ilihitaji kuchanganywa kwa wingi, wala hapana kampuni ambayo ingeweza kujipatia haki ya kuiuza peke yake kisheria, kwa kuwa ilijulikana na dunia nzima tangu kale. Risasi ilihitajika kidogo sana, na haki ya kuitia katika petroli ingeweza kumilikiwa. Sidhani twahitaji kutafuta mbali sababu ya uchaguzi uliofanywa.

Mwezi wa Februari 1923 petroli hiyo mpya iliuzwa kwa mara ya kwanza huko Dayton, kwa jina la Ethyl. Jina hilo lilichaguliwa vizuri, kwani lilisikika kama jina la bibi mmoja wa Kimarekani na halikutaja risasi hata kidogo. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, katika mashindano ya maili 500 ya Indianapolis, motokaa zilizotangulia zilikuwa zimetiwa Ethyl, na habari hiyo ikawa tangazo kubwa kuliko yote. Kuanzia hapo vituo vya Marekani vikawa na pampu mbili: moja ya petroli ya kawaida, na ya pili ya petroli bora, iliyotiwa rangi nyekundu na kuuzwa ghali zaidi kidogo.

Sasa turudi nyuma ya pampu, tuwatazame walioitengeneza dawa hiyo. Risasi ni sumu. Jambo hilo lilijulikana tangu enzi za Warumi. Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu hiyo mapema mwaka wa 1923, akalazimika kuacha kazi kwa muda ili apumzike. Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, jimbo la New Jersey, wafanyakazi walianza kurukwa na akili, wakapiga kelele na kuona mambo yasiyokuwapo. Watano walikufa, na wenzao zaidi ya 30 wakapelekwa hospitali. Siku chache baadaye Midgley alisimama mbele ya waandishi wa magazeti, akanawa mikono kwa kiowevu kile na kunusa mvuke wake, ili kuwaonyesha kwamba hakina hatari. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuugua kwacho.

Mji wa New York na jimbo la New Jersey yakapiga marufuku petroli hiyo. Mwezi wa Mei 1925 mkutano ulifanyika Washington, na miongoni mwa waliopinga alikuwako Alice Hamilton, daktari wa magonjwa ya kazini na mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alionya kwamba hapana mahali ambapo risasi imetumika bila ya kudhuru watu. Kamati iliyoteuliwa ikachunguza kwa miezi michache tu, ikasema haikuona sababu ya kuikataza, na mwaka wa 1926 Ethyl ikarudi sokoni.

Mwaka huo wa 1926 ndipo pia namba zilipopatikana. Mkemia Graham Edgar, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ile ile, alitafuta njia ya kupima uvumilivu wa petroli. Akachukua namna moja ya oktani, isiyogonga kwa urahisi, akaipa namba 100. Na heptani safi, iliyotolewa katika utomvu wa misonobari, ambayo hugonga upesi sana, akaipa namba 0. Petroli yenye namba 87, basi, huvumilia kushindiliwa sawasawa na mchanganyiko wa oktani sehemu 87 na heptani sehemu 13. Msomaji ataona ya kuwa namba hiyo haisemi lolote juu ya nguvu iliyomo ndani ya petroli. Yasema tu ni kiasi gani petroli hiyo itastahimili kabla ya kulipuka yenyewe. Ukiitia petroli ya namba kubwa katika injini iliyotengenezewa namba ndogo, hupati kitu ila upungufu wa fedha.

Uvumilivu huo ulikuwa na kazi yake ya kweli. Mwaka wa 1940 ndege za Kiingereza zilizoilinda Uingereza dhidi ya Wajerumani zilitumia petroli ya oktani 100, na kwa hiyo injini zao ziliweza kusukumiwa hewa nyingi zaidi bila kupasuka. Baada ya vita watengenezaji wa motokaa nao wakaanza kushindana.

Chukua mfano wa Ford Mustang, iliyoonyeshwa watu tarehe 17 Aprili 1964. Mnunuzi wa Mustang ya mwaka wa 1965 aliweza kuipata injini moja ya silinda 8, yenye ujazo wa karibu lita 4.7, kwa namna zaidi ya moja. Ile ya nguvu-farasi 200 ilishindilia mara 9.3, ikatosheka na petroli ya kawaida. Ile ya nguvu-farasi 225 ilishindilia mara 10, nayo ilidai petroli bora. Kijana wa Kimarekani aliyechagua nguvu-farasi 25 za ziada alijifunga kulipa zaidi kila alipojaza tangi. Kwa kuhesabu mfuko wake, huo ulikuwa uchaguzi halali. Lakini karibu petroli zote, ya kawaida na bora, zilikuwa na risasi. Pampu yoyote aliyoiendea, moshi wake ulikuwa ule ule, na walioupumua hawakuulizwa.

Mwaka wa 1965 mwanasayansi Clair Patterson, ambaye ndiye aliyepata umri wa dunia kuwa miaka milioni 4,550, alitangaza kwamba miili ya Wamarekani ilikuwa na risasi nyingi mno kuliko ile ya asili. Kisha mwaka wa 1979 daktari Herbert Needleman na wenzake walieleza utafiti uliofanywa katika miji miwili karibu na Boston. Walikusanya meno ya utotoni ya wanafunzi wa madarasa ya chini, wakapima risasi iliyomo. Watoto wenye risasi nyingi, ingawa hawakuonekana wagonjwa, walipata alama za chini zaidi katika majaribio ya akili. Na walimu wao, pasipo kujua vipimo vya meno, walisema watoto hao hawatulii na hupotewa na mawazo darasani. Mimi ni mwalimu, na habari hiyo ya walimu hunisumbua kuliko nyingine zote. Ni wangapi waliopigwa viboko kwa uvivu usiokuwa wao?

Ajabu ni kwamba risasi haikuondolewa kwa ajili ya watoto kwanza. Motokaa za Marekani za mwaka wa 1975 zilifungwa chombo cha kusafishia moshi, nacho huharibiwa na risasi. Ndiyo maana ilibidi petroli safi ipatikane. Tangu mwaka wa 1971 General Motors ilikuwa imekwisha kupunguza kiasi cha kushindilia, na motokaa nyingi za mbio zikapungukiwa nguvu. Wapenzi wa mbio walinung'unika. Lakini kati ya miaka ya 1976 na 1991 wastani wa risasi katika damu ya Wamarekani ulipungua kwa zaidi ya robo tatu.

Barani Afrika tulichelewa. Nchi za kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar mwezi wa Juni 2001 kuiacha risasi, na kazi hiyo ikatimizwa mwanzoni mwa mwaka wa 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Aljeria, iliyoacha mwezi wa Julai 2021. Na habari ya kumalizika kwake ilitangazwa tarehe 30 Agosti na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi.

Siku hizi kugonga huzuiwa kwa kuisafisha petroli namna nyingine, na injini nyingi zina kifaa kinachousikiliza mlio ule na kuchelewesha cheche kabla dereva hajausikia. Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, hivyo 91 yao ni karibu sawa na 95 ya hapa kwetu.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki iliyofuata na kitabu cha motokaa ya mjomba wake. Tulifungua ukurasa wa mafuta, tukaona namba 95; kwa hiyo mjomba hakuwa akitupa fedha. Chini yake paliandikwa kwamba injini hiyo itiwe petroli isiyo na risasi peke yake. Akaniuliza kwa nini watu waandike onyo juu ya kitu kisichouzwa. Nikamwonyesha mwaka uliochapwa kwenye jalada: 2004. Mwaka huo, nikamwambia, petroli ya risasi ilikuwa ingali ikiuzwa humu nchini.