Reli Iliyoikwepa Mbarara

Abiria anayetoka Kampala kwenda Mbarara kwa barabara ya Masaka hupita Biharwe, penye mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua mwaka 1520. Hupita ndani ya basi, ndani ya teksi, au juu ya lori lililokwenda mjini na matoke likarudi tupu. Treni hapa haipo. Mbarara ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na mpaka leo haijawahi kuwa na stesheni.

Wilaya jirani ya Isingiro ina kambi ya Nakivale, iliyoanza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo sasa ina watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anaijua reli ya Kigoma, iliyofika ziwani mwaka 1914. Akiwa Nakivale, garimoshi ni habari ya huko alikotoka.

Na jina la Uganda ndilo lililobandikwa kwenye reli ya kwanza ya Waingereza katika eneo hili! Mwaka 1896 bunge la London liliidhinisha pauni milioni 3 za kuijenga kutoka Mombasa, huku mbunge Henry Labouchere akiipinga kwa kejeli. Gharama ilipita milioni 5, na mlipa kodi wa Uingereza ndiye aliyebeba mzigo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati Kisumu ingali ndani ya Uganda. Mwaka uliofuata mpaka ukasogezwa, na reli ya Uganda ikajikuta yote iko nje ya Uganda. Kampala ilisubiri hadi 1931, daraja la Jinja lilipokamilika, ndipo ikaunganishwa na Mombasa moja kwa moja.

Zamu ya magharibi ilikuja miaka ya 1950. Ankole, eneo la Mbarara, ilikuwa na ng'ombe na watu. Kasese ilikuwa na shaba ya Kilembe. Shaba ikashinda. Reli ilitoka Kampala ikapita Mityana na Kamwenge, ikafika Kasese mwaka 1956, ikiiacha Mbarara mbali upande wa kusini. Abiria walipanda, ndiyo, lakini hesabu iliyoijenga reli ile ilikuwa ya madini. Ndiyo maana machimbo yalipozorota, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, hapakuwa na mtu mwenye sababu nzito ya kuitetea. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 treni za abiria za masafa marefu zilikuwa zimekoma Uganda. Huduma ya abiria iliporejea Desemba 2015, ilikuwa ya Kampala hadi Namanve tu: safari ya kwenda kazini na kurudi.

Majirani wamejaribu njia nyingine za kupata fedha za reli mpya. Kenya ilikopa China sehemu kubwa ya gharama na kuwatoza waagizaji bidhaa ushuru wa reli. Treni ya Mombasa na Nairobi ikaanza mwaka 2017, kisha mwaka 2019 njia ikaishia karibu na Naivasha, mkopo wa kuendelea ulipokosekana. Tanzania ilichanganya fedha za serikali na mikopo ya mabenki, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Wasafiri waliozoea kumaliza siku nzima ndani ya basi sasa hufika kwa saa tatu na ushei.

Uganda nayo ilivunja mkataba wake wa reli mpya na kampuni ya China mwaka 2023, na Oktoba 2024 ikasaini na Yapı Merkezi ya Uturuki, kampuni ileile iliyojenga kipande cha Dar es Salaam hadi Dodoma. Ni kilomita 272, kwa takriban yuro bilioni 2.7, kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala. Mkataba unaishia hapo.

Mbarara imo kwenye mpango wa baadaye, katika tawi la kutoka Bihanga hadi mpaka wa Rwanda pale Mirama Hills. Hoja kubwa za tawi hilo ni chuma cha Muko na shehena ya Rwanda. Abiria wa Biharwe na Nakivale wanakuja nyuma kabisa. Na Rwanda yenyewe ilikubaliana na Tanzania mwaka 2018 kujenga reli ya Isaka hadi Kigali. Ikijengwa hiyo kwanza, shehena ya Rwanda itakuwa na njia nyingine, na watetezi wa tawi la Mbarara watalazimika kwenda kwa wakopeshaji wakiwa na hesabu ya chuma, maziwa, matoke na nauli.