Draiva za diski pepe: mgogoro wa zamani ndani ya mashine mpya

Nchini Tanzania, tatizo la kompyuta moja kushindwa kuendesha kilichoandaliwa kwa ajili ya nyingine ni la zamani kuliko teknolojia ambayo leo hulaumiwa zaidi kwa tatizo hilo. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifungiwa kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ambayo ilibeba nembo ya kampuni ya Uingereza ingawa kwa asili ilikuwa RCA 301 ya Marekani. Baadaye hesabu za Serikali zilihamishiwa kwenye kompyuta ya familia ya 1900, ya kampuni hiyohiyo, iliyoitwa ICL baada ya muungano wa mwaka 1968. Kwa mnunuzi hizo zilikuwa mashine za ukoo mmoja, lakini familia ya 1900 ilichipuka kutoka usanifu wa Kanada usiohusiana na ule wa RCA, na kwa hiyo programu iliyotungwa kwa ile ya kwanza isingeweza kupandishwa moja kwa moja juu ya ya pili. Kazi ya hesabu iliharibika na wizara ikarejea kwenye mashine za kawaida za uhasibu, na mwaka 1974, wakati nchi nzima ilipokuwa na kompyuta saba tu, Serikali ikapiga marufuku uingizaji wake. Lawama kubwa iliangukia uhaba wa wataalamu wazalendo, na kwa haki. Hata hivyo, uhaba huo huuma zaidi pale mashine mbili zisipoelewana.

Teknolojia hiyo inayolaumiwa leo ni diski pepe, yaani faili kubwa ambalo programu maalumu hulionyesha kwa mfumo endeshi kana kwamba ni diski halisi, hivyo kompyuta moja huweza kubeba mashine pepe kadhaa, kila moja ikiwa na Windows au Linux yake. IBM ilikuwa na diski za namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikaziuza rasmi ndani ya VM/370. Lakini katika kompyuta ndogo jambo hilo lilienea baada ya VMware kutoa bidhaa yake ya kwanza mwaka 1999. Kila mtengenezaji alikuwa na muundo wake wa faili: VMware ikatumia VMDK, Connectix, ambayo mali yake Microsoft iliinunua mwaka 2003, ikatumia VHD, VirtualBox ikaja na VDI, na QEMU ikawa na qcow2.

Wengi hudhani kwamba tofauti hizo za muundo ndizo zinazozuia mashine pepe kuhama, lakini muundo ni kikwazo chepesi, kwa sababu programu ya bure ya qemu-img hubadili faili kutoka muundo mmoja kwenda mwingine kwa amri moja. Kikwazo kizito ni draiva, yaani programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa ili amri za upande mmoja zieleweke upande wa pili. Awali mashine pepe zilikwepa suala hili kwa kuiga vifaa vya zamani, kama vidhibiti vya diski vya IDE, ambavyo kila mfumo endeshi ulivifahamu. Gharama yake ilikuwa kasi, kwa kuwa kila ombi la kusoma au kuandika lilipitia maigizo ya kifaa kisichokuwepo. Ndipo Rusty Russell, mtaalamu wa Linux aliyekuwa IBM, alipobuni virtio, njia ambayo mfumo endeshi hutambua kwamba umo ndani ya mashine pepe na kuacha maigizo, nayo ikaingia katika Linux 2.6.24 mnamo Januari 2008.

Kasi ilipatikana, na mgawanyiko ukapatikana pamoja nayo. Linux ilikuwa na draiva hiyo ndani yake, ilhali Windows haikuwa nayo, hivyo seva ya Windows iliyohamishiwa kwenye KVM, mfumo wa mashine pepe uliomo ndani ya Linux, huanza kuwaka vizuri, kisha, inapofika hatua ya kuitafuta diski kwa draiva yake yenyewe, hukwama kwa kosa 0x0000007B, huku data yote ikiwa salama ndani ya faili. Linux nayo haina kinga, kwa sababu baadhi ya matoleo yake huandaa faili la kuwashia lenye draiva za mashine ya awali pekee, na diski iliyoitwa sda huweza kuamka ikiitwa vda.

Julai 2009 Microsoft, iliyokuwa mpinzani wa Linux kwa miaka mingi, iliipatia takriban mistari 20,000 ya draiva za Hyper-V, mfumo wake wa mashine pepe, mwezi uleule ambao mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam. Kwa Afrika Mashariki tukio la pili ndilo lililotikisa, na inaeleweka. Hata hivyo, intaneti ya haraka ndiyo iliyofanya draiva zipatikane mbali na pwani.

Umbali huo bado una uzito. Fundi wa Maisaka, katika mji wa Babati ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, akihamisha seva ya duka au ya shule na kuikuta imekwama, atalazimika kupakua mamia ya megabaiti za draiva kwa bando, tena kwa kompyuta nyingine, kwa kuwa ile iliyokwama haiwezi kumsaidia. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi kabla ya kuhama. Kwa hiyo anayekusudia kuhamisha mashine pepe ya Windows apakie draiva za virtio wakati mashine ingali inawaka kwenye makazi yake ya zamani, aiwashe ugenini kwanza diski yake kuu ikiwa bado kwenye IDE, huku imeunganishwa na diski ndogo ya majaribio ya virtio ili mfumo uzisajili, na asifute nakala ya awali mpaka seva mpya iwe imewaka na kusomeka.