Mkaja na Ubeleko: Maana ya Heri ya Bibi Arusi katika Historia ya Waswahili

Desturi za kumtakia bibi arusi heri mara nyingi hutazamwa kwa namna mbili: ama kama mapambo ya sherehe, ama kama mabaki ya ushirikina. Mtu huona hina mikononi na miguuni, nguo ya kisutu na moshi wa udi, kisha huuliza ni kitu gani kati ya hivyo kinacholeta bahati. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halifai. Katika mila za Waswahili wa pwani, heri ya bibi arusi haikukaa ndani ya kitu. Ilitoka katika deni lililokubaliwa mbele ya watu.

Tuanze na maneno yenyewe. Bahati, heri na baraka hutajwa pamoja katika dua za arusi, lakini neno linaloyafungua yote ni radhi. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia binti yake mnamo 1858, anamfundisha kwamba binadamu huhitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Ya mume ni ya tano. Msichana anayekwenda kwa mumewe bila radhi ya waliomzaa anakwenda mikono mitupu, hata akiwa amejaa dhahabu.

Radhi hiyo ilidhihirishwaje? Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Kando yake, mila iliweka ada nyingine kwa ajili ya jamaa zake. Mama alipewa mkaja. Neno hili ni jina la nguo anayojifunga mwanamke tumboni baada ya kuzaa. Alipewa pia ubeleko, yaani nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Baba alipewa kilemba. Kungwi, aliyemfunza na kumwongoza mwali, naye hakusahauliwa. Katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa imetokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, msomaji ataona jinsi mambo ya posa na arusi yalivyofuata utaratibu ulio wazi.

Majina ya ada hizo ndiyo hoja yetu. Hata pale ada ilipolipwa kwa fedha, jina lilibaki la nguo. Kila aliyelitamka alikumbusha tumbo lililouma na mgongo uliochoka. Bwana arusi hakuwa ananunua mtu; alikuwa anakiri kwamba anayemchukua alibebwa na mwingine kabla yake.

Hata hivyo, mwanahistoria asisifu mila pasipo kupima. Heri hiyo haikuwa ya wote. Katika karne ya 19, misafara iliyopita Nyangwe, Kasongo na Ujiji iliwachukua wanawake wengi wa Manyema hadi pwani wakiwa watumwa. Kisheria mtumwa hakuolewa pasipo idhini ya bwana wake, na mahari yake yalikuwa mali ya bwana huyo. Mama aliyemfunga mgongoni alikuwa amebaki mbali, ng’ambo ya ziwa Tanganyika, wala hapakuwa na njia ya kumfikishia mkaja. Hapo ndipo tunapoelewa uzito wa desturi hii: kuwa na mama wa kupokea ada kulikuwa alama ya uungwana.

Lugha iliyokuja kwetu kwa njia ileile ya misafara inatukumbusha hasara hiyo, na inatuonya pia. Nchini Kongo, Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilithibitisha kwamba mahari hutolewa kwa faida ya wazazi wa mchumba, na ikakubali kwamba yanaweza kuwa na thamani ya ishara tu. Sheria imeacha mlango wazi kwa maana. Lakini katika mazungumzo ya jamaa zetu, mara nyingi hesabu ya dola hutangulia, na vitu hukusanywa katika orodha ambayo hakuna anayeuliza kila kimoja kinamkumbuka nani.

Kwa kumalizia, hatudai kwamba mkaja urudishwe kama ulivyokuwa. Tunawaomba wanafunzi wetu wafanye jambo jepesi zaidi: wawaulize mama na bibi zao majina ya ada walizopokea, wayaandike kabla hayajapotea, na waulize kila jina lilikuwa la kitu gani. Jina likipotea, malipo hubaki. Ila hakuna tena anayejua yanamlipa nani, wala kwa taabu gani.