Platinamu, dhahabu na saratani ya tumbo

Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, hakuwa akitafuta dawa. Alitaka kujua kama umeme unaathiri kugawanyika kwa seli, akaupitisha kwenye maji yenye bakteria. Bakteria wale wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi, wengine hadi mara 300 ya urefu wao wa kawaida. Umeme ulisingiziwa bure. Mhusika alikuwa platinamu, iliyomomonyoka kidogo kidogo kutoka kwenye vipande vilivyopitisha umeme. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1965.

Hapo ndipo ilipotokea sisplatini, dawa yenye platinamu. Marekani iliiidhinisha mwaka 1978 kwa saratani za korodani na ovari, na baadaye ikatumika pia kwa saratani ya tumbo. Dawa hii huing'ang'ania DNA ya seli hadi seli ife. Tatizo ni kwamba haichagui: figo, masikio na neva huumia, na mgonjwa hutapika vibaya.

Basi metali ifikishwe vipi kwenye uvimbe peke yake? Mwaka 1986, Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja. Chembe ya makumi ya nanomita (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita) hupenya hapo ikakwama. Dhahabu ilivutia wengi, kwa kuwa haishiki kutu na dawa au kingamwili hubandikwa juu yake. Kwenye saratani ya tumbo, shabaha inayofahamika zaidi ni HER2, protini iliyojaa kwenye seli za baadhi ya wagonjwa. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kingamwili trastuzumab, ikiungana na kemotherapi, huwaongezea hao muda wa kuishi. Kingamwili hiyo yenyewe haina metali yoyote.

Mwaka huohuo, watafiti wa Marekani waliripoti kuwadunga wagonjwa wa saratani mbalimbali chembe za dhahabu za nanomita 27, na dhahabu ikaonekana ndani ya uvimbe. Shangwe ilipoa mwaka 2016. Watafiti wa Toronto walipitia majaribio ya miaka 10, mengi ya panya, wakakuta kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe ndiyo hufika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini na bandama.

Kwa maoni yangu, wazo ni zuri ila bado ni la maabara. Anayekuuzia maji ya dhahabu kwa jina la nano, mkatalie. Ukiona kinyesi cheusi, unakonda bila sababu au tumbo linauma bila kupona, nenda hospitali ukapimwe.