Kifuniko cha betri: mlango mdogo wenye historia ndefu

Wadau, leo tuzungumzie kitu ambacho wapiga picha wengi hukidharau mpaka kivunjike: kifuniko cha betri za flashi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wenye magnesiamu uliolipuka na kutoa mwanga mkali. Mwandishi wa habari Jacob Riis akautumia kupiga picha usiku kwenye vyumba vya maskini wa New York, na kitabu chake cha mwaka 1890 kikawafungua macho wakubwa wa mji. Ila unga ule ulikuwa balaa. Riis mwenyewe alisimulia kwamba aliwasha moto nyumba mara mbili, na mara moja akajiwasha mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 zikaja balbu za flashi, za kutumia mara moja na kutupa. Kisha, kuanzia 1931, Harold Edgerton wa chuo cha MIT kule Marekani akaonyesha jinsi umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita unavyoweza kutoa mwanga tena na tena. Flashi zetu zinafuata kanuni hiyo hiyo: betri 4 za AA, jumla volti 6, zinapandishwa hadi volti 300 hivi.

Sasa tuje kwenye kifuniko. Katika flashi nyingi, kwa ndani kina vipande vya chuma vinavyounganisha betri moja na nyingine. Kumbe ni sehemu ya njia ya umeme! Springi zinakisukuma kutwa kucha, nacho kimeshikiliwa na vikulabu vyembamba vya plastiki. Kikulabu kikikatika, umeme haupiti. Flashi ya bei mbaya inakufa kwa kipande kidogo kuliko kucha.

Dawa yake? Ukiwa kazini, raba bendi nene au tepu ya umeme iliyokazwa vizuri. Ukirudi nyumbani, gundi ya epoksi na kipande cha waya mgumu pale kilipokuwa kikulabu. Supa gluu peke yake springi huishinda. Angalia gundi isiguse vyuma. Na usifungue mwili wa flashi: kapasita hubaki na umeme hata betri zikitolewa.

Riis alihatarisha ngozi yake ili apate mwanga. Sisi tukose picha ya usiku kwa ajili ya kikulabu? Hapana jamani.