Mkebe wa Kogo
Ukitoka Kericho ukapita Litein, matatu itakushusha Kapkatet. Hapo ndipo kogo, yaani nyanya yangu, alinilea katikati ya chai.

Brooke Bond ilianza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni haikumruhusu Mwafrika kuwa na chai yake mpaka miaka ya 1950. Halafu 1964 ikaundwa KTDA, ya wakulima wadogo. Kogo alikuwa mmoja wao. Kila asubuhi majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, mbio kituoni kabla lori halijafika.

Hakujua kusoma, lakini kila risiti ya kilo aliitia kwenye mkebe. Bonasi ikija, ananiambia, "Hii ni fees yako. Usicheze."

Sasa hayupo. Amu zangu wanataka kung'oa ile chai wajenge nyumba za kukodisha. Siwalaumu, bei imewachosha. Mimi niliomba mkebe tu. Uko hapa Nairobi, juu ya kabati. Historia ya chai ina majina makubwa. La kogo liko kwenye hizi risiti.