Milano Ilipoimba Madirishani

Mwanzoni mwa Oktoba 1576, Kardinali Carlo Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, alipita mitaani miguu mitupu, kamba shingoni, msalaba mikononi, na umati ukamfuata. Tauni ilikuwa imeshabisha hodi mjini. Wasimamizi wa afya hawakuyapenda maandamano yale hata kidogo. Kwao, watu wengi namna ile mahali pamoja walikuwa kuni za kuchochea maradhi. Mwezi haukwisha kabla amri haijatoka: kila mtu abaki nyumbani siku 40. Siku zikaongezwa, mwaka ukageuka, na watu bado wako ndani.

Wakubwa wengi walikuwa wameshahama, gavana akiwa miongoni mwao. Borromeo alibaki.

Yeye ndiye aliyewapangia waliofungiwa namna ya kuipitisha siku. Kengele ililia mara saba, mchana na usiku. Ikisikika tu, watu walisogea dirishani au mlangoni, mmoja akaanzisha litania na mtaa mzima ukaitikia. Wasiojua maneno walikuwa na vijitabu vya sala vilivyochapishwa. Kwenye njia panda zilijengwa altare, ili misa ionekane kutoka madirishani, nao mapadre walipita nyumba kwa nyumba wakisikiliza maungamo mlangoni. Mjesuiti Paolo Bisciola, aliyeacha maandishi kuhusu tauni hiyo, aliukumbuka mji uliojaa nyimbo kila upande.

Madaktari wa zama hizo wasingeona ajabu. Walifundishwa kwamba afya husimama juu ya hewa, chakula, usingizi, mwendo wa mwili na hali ya moyo, na kwamba hofu na huzuni humfungulia ugonjwa mlango. Niccolò Massa, daktari wa Venice, aliwashauri watu wasikilize muziki na kuimba kwa sauti ya upole. Leo tunajua kwamba tauni ni kazi ya bakteria anayebebwa na viroboto wa panya, na kiroboto hajali litania. Hata hivyo, aliyewahi kukaa ndani wiki nzima bila kujua kama ni Jumanne au Alhamisi ataona kengele zile zilikuwa na faida gani. Waitalia wenyewe, walipofungiwa tena Machi 2020 kwa sababu ya korona, walitoka kwenye roshani zao wakaimba, na tarehe 14 saa sita mchana wakawapigia makofi madaktari na wauguzi.

Lakini mwenye njaa haimbi siku nyingi. Borromeo alilijua hilo. Aliuza vyombo vyake vya fedha, na mapazia ya jumba lake yakakatwa kushonewa maskini nguo. Vibarua na mafundi waliokosa kazi walilishwa kwa fedha za mji na sadaka. Bila mkate ule, sidhani nyimbo zingefika Krismasi.

Shukrani ya mji kwa kuokoka iliahidiwa mapema, watu wakiwa bado wanakufa: mji uliweka nadhiri ya kumjengea Mtakatifu Sebastiano kanisa. Jiwe la msingi liliwekwa 1577, kwa mchoro wa Pellegrino Tibaldi. Kufikia mwisho wa tauni, Milano ilikuwa imezika takriban watu 17,000. Venice, iliyopigwa miaka hiyohiyo, ilipoteza karibu 50,000.

Wagonjwa wa Milano walipelekwa lazareti, jengo kubwa la mraba nje ya lango la mashariki lenye vyumba 288 kuzunguka uwanja. Baada ya tauni, Borromeo aliagiza kikanisa cha katikati kijengwe upya, matao yake yakiwa wazi pande zote, ili mgonjwa aifuate misa akiwa chumbani mwake. Lazareti lilibomolewa karne ya 19 kupisha nyumba za kupangisha. Kikasalia kikanisa na kipande cha ukuta. Mitaa inayovizunguka sasa inajulikana kwa migahawa ya Waeritrea na Waethiopia.